Kwa nini hoteli ya nyota 5 nimeisahau, na ile ya vyumba 12 naikumbuka?

#1 Mtazama Machweo

Habari zenu, wadau. Mwakani mimi na mke wangu tutatimiza miaka 25 ya ndoa, na tumekubaliana kwamba hatutafanya sherehe. Tutakwenda mahali pa kifahari, sisi wawili tu, kwa siku 7. Fedha hiyo tumeiweka kidogo kidogo kwa muda mrefu na sitarajii kupata nyingine ya namna hiyo karibuni, kwa hiyo ninataka kuchagua kwa uangalifu.

Linalonitatiza ni hili. Tulipotimiza miaka 10 tulilala katika hoteli ya nyota 5, kubwa na yenye sifa. Leo nikijaribu kuirudia kichwani ninaona ukumbi wa mapokezi wenye marumaru na mtungi mkubwa wa maua, basi. Miaka 3 baadaye safari ya kikazi ilitufikisha katika hoteli ndogo ya vyumba 12 juu ya mwamba wa bahari, na hiyo ninaikumbuka hadi mlio wa mlango wa baraza, na hadi sura ya mzee aliyekuwa akituletea chai kabla hatujaiagiza. Zote mbili zilikuwa safi na zote zilikuwa na wahudumu wazuri, ila ya kwanza ilitugharimu karibu mara 4 ya ya pili.

Dai langu, na niko tayari kusahihishwa, ni kwamba nyota hazipimi kile tunachokwenda kukitafuta. Kama ni hivyo, tupime kwa kitu gani?

#2 Hesabu Safi

Ndugu mleta mada, nyota hazidanganyi, ila wengi wetu tunazisoma kana kwamba ni alama za utamu. Nyota ni orodha ya vitu vilivyopo. Chukua mfumo wa Hotelstars Union, ulioanza mwaka 2009 kwa nchi kadhaa za Ulaya kuunganisha vigezo vyao: mkaguzi ana vigezo zaidi ya 200, na kila kimoja kina pointi zake. Ili hoteli ipewe nyota 5 ni lazima mapokezi yawe wazi saa 24, chumba kiwe na sefu, chakula na vinywaji viweze kuletwa chumbani saa yoyote, na kadhalika. Hakuna mahali ambapo mkaguzi anajaza kwamba mzee wa chai alijua mgeni ameamka.

Kwa hiyo nyota zina kazi moja, nayo ni kukuhakikishia kwamba hutakosa kitu fulani. Zitumie kuchuja, kisha uziweke kando.

#3 Zumaridi

Nakubaliana na #2, lakini niongeze jambo analoliacha. Hakuna chombo kimoja cha dunia kinachotoa nyota. Nchini Italia kila mkoa una kanuni zake. Nchini Marekani serikali haitoi nyota kabisa, na wanaotegemewa ni taasisi binafsi kama AAA, chama cha wenye magari, ambayo hutumia almasi badala ya nyota, na Forbes Travel Guide, ambayo ilianza mwaka 1958 kwa jina la Mobil. Hao Forbes huwatuma wakaguzi wanaojifanya wageni wa kawaida, wakiwa na vipimo vinavyofikia 900, na huupa uhudumiaji uzito mkubwa kuliko majengo. Kwa hiyo nyota 5 za huku na nyota 5 za kule zinaweza kuwa zimepima vitu viwili tofauti kabisa.

Ufaransa ilipoona nyota 5 hazitoshi, mwaka 2010 ikaanzisha daraja la juu yake linaloitwa "Palace", na hoteli zilizolipata ni takriban 30 tu. Zile "nyota 7" za Burj Al Arab ya Dubai, iliyofunguliwa mwaka 1999, hazikutolewa na mkaguzi yeyote. Ni maneno ya mwandishi wa habari yaliyopendwa yakaenea.

#4 Mama wa Wawili

Kabla ya nyota, mleta mada atueleze wanakwenda kufanya nini. Kuna watu wanaopumzika kwa kulala na wengine wanaopumzika kwa kutembea, na mara nyingi wameoana wao kwa wao. Mimi na mume wangu tuliwahi kugharimia kisiwa kizima cha ukimya, na kufikia siku ya tatu mwenzangu alikuwa akiwahesabu kaa ufuoni. Hoteli haikuwa na kosa lolote.

#5 Mtazama Machweo

Swali zuri, Mama wa Wawili. Mimi ninapenda kutembea asubuhi na kusoma mchana. Mke wangu anasema anataka "kutoamuliwa kitu na kutoamua kitu". Sote tunapenda bahari.

#6 Funguo

Nimesimama nyuma ya meza ya mapokezi kwa miaka 14, katika hoteli tatu tofauti, na ningependa kumjibu mleta mada kwa upande wa ndani.

Yule mzee wa chai hakuwa na kipaji cha pekee, bali alikuwa na nafasi. Katika hoteli ya vyumba 12 mhudumu mmoja anaweza kuwabeba wageni wote kichwani. Katika hoteli ya vyumba 400 hawezi, hata awe na moyo wa dhahabu, kwa hiyo hoteli kubwa iliyo bora huweka kumbukumbu za maandishi: huyu anapenda mto mgumu, yule hali karanga, huyu mwaka jana alilalamikia kelele za lifti. Hoteli kubwa isiyoweka kumbukumbu hizo, au inayoziweka bila mtu wa kuzisoma, huwa nzuri machoni lakini hamtambui mgeni. Nadhani hiyo ndiyo mliyoisahau.

Swali la kwanza ninalouliza kwa hiyo ni idadi ya wafanyakazi kwa kila chumba. Hoteli nyingi za fahari hasa huwa na wafanyakazi wawili au zaidi kwa chumba kimoja, na ukiuliza kwa adabu utajibiwa, kwa sababu wenye idadi nzuri hujivunia kuitaja. Swali la pili ni wafanyakazi hao wamekaa muda gani. Mahali ambapo msimamizi wa vyumba ana miaka 10 kazini, hata taulo hukunjwa kwa namna nyingine.

Lipo pia jaribio nililowafundisha ndugu zangu. Kabla ya kulipa, iandikie hoteli barua pepe yenye swali lisilo kwenye tovuti yake, kwa mfano: "Je, baraza la chumba hiki linapata jua saa ngapi, na ni upande gani wa jengo ulio mbali na jiko?" Ukijibiwa kwa maneno ya kunakili, "asante kwa kutuchagua, tazama tovuti yetu", umeshajua utakavyohudumiwa. Ukijibiwa na mtu aliyeinuka, akaenda kutazama baraza lenyewe, kisha akakuandikia, basi hapo pana mzee wa chai.

Kuhusu maoni ya wageni kwenye intaneti, jihadharini na yale mafupi yanayotaja majina ya wafanyakazi wanne mfululizo na kusema kila kitu kilikuwa kizuri mno. Si lazima yawe ya uongo, lakini katika hoteli nyingi mfanyakazi hupimwa kwa idadi ya mara alizotajwa, kwa hiyo humwomba mgeni amtaje wakati wa kuaga. Someni yale ya katikati, ya mgeni aliyependa mambo matatu na kuchukia mawili.

#7 Hesabu Safi

Ahsante, Funguo, hilo la majina sikuwahi kulijua, na sasa ninaelewa kwa nini niliwahi kuombwa niandike kabla hata mizigo haijafika kwenye gari.

#8 Nahodha Mstaafu

Nimewasoma nyote na sijaona aliyetaja upepo. Nimeishi baharini miaka mingi, na ninasema bila kusita kwamba hoteli ileile na chumba kilekile huwa mahali pawili tofauti mwezi wa 2 na mwezi wa 7.

Mauritius, kwa mfano, kuanzia Mei hadi Septemba hivi pepo za kusini-mashariki huipiga pwani ya mashariki siku nenda rudi, ilhali pwani ya magharibi imejikinga. Huko Ushelisheli, katika kisiwa cha Mahé, miezi hiyohiyo ya kusi ufuo wa Beau Vallon, ulio upande wa kaskazini-magharibi, huwa shwari, huku fuo za kusini-mashariki zikipokea mawimbi na mwani. Thailand ni darasa zuri zaidi: pwani ya Andaman, iliko Phuket, huchafuka kuanzia Mei hadi Oktoba, lakini kisiwa cha Samui, kilicho upande wa pili wa nchi, hupata mvua zake kubwa kati ya Oktoba na Desemba. Kwa hiyo anayesema "Thailand mwezi wa 11 ni mvua" na anayesema "Thailand mwezi wa 11 ni jua" wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Karibi ina msimu rasmi wa vimbunga kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na tangu mwaka 2011 imekuwa ikipokea mwani wa sargasamu kwa wingi usio wa kawaida, unaorundikana hasa kwenye fuo zinazotazama bahari kuu na kunuka unapooza.

Mambo haya yote hayamo kwenye picha, maana mpiga picha hungoja siku iliyo njema kuliko zote. Fungua ramani, tazama ufuo wa hoteli unaelekea wapi, kisha uulize pepo za mwezi wako zinatoka wapi. Uliza pia kuhusu maji kupwa: kuna fuo ambazo bahari ikitoka, hutembea nusu saa juu ya mwamba na matope kabla maji hayajafika kiunoni. Mleta mada, je, unajua hoteli yako ya kwanza mlikwenda katika mwezi gani, na ile ya vyumba 12 mlikwenda katika mwezi gani? Inawezekana unazilinganisha pepo mbili na kudhani unalinganisha hoteli mbili.

#9 Mama wa Wawili

Nahodha amesema kweli, na niongeze la usafiri. Kile kisiwa nilichokitaja kilikuwa Maldivi, ambako kwa desturi kisiwa kimoja huwa na hoteli moja, na vile vya mbali hufikiwa kwa ndege ndogo zinazotua majini. Ndege hizo haziruki usiku. Sisi tulitua uwanja mkuu jioni, kwa hiyo tukalala mjini, na usiku wa kwanza tuliokuwa tumeulipia kisiwani ukapotea. Wakala wetu alikuwa anajua lakini hakutuambia, nasi hatukuuliza. Katika safari ya siku 7, usiku mmoja si mdogo.

Vile vyumba vya juu ya maji, ambavyo watu wa Maldivi walivibuni, ni vizuri kweli, lakini mtu mwenye usingizi mwepesi ajue kwamba maji hugonga nguzo usiku kucha.

#10 Zumaridi

Sahihisho dogo, dada: vyumba vya juu ya maji havikubuniwa Maldivi. Hoteli ya kwanza kabisa ya mapumziko Maldivi ilifunguliwa mwaka 1972, ilhali vyumba vya namna hiyo vilikuwa vimeshajengwa mwaka 1967 huko Raiatea, Polinesia ya Ufaransa, na Wamarekani watatu waliokuwa na hoteli isiyo na ufuo wa mchanga. Kwa kuwa hawakuwa na ufuo wa kumpa mgeni, walimjengea chumba juu ya maji yenyewe. Ninalileta hili kwa sababu lina somo la uchaguzi: chumba cha juu ya maji kilianza kama dawa ya upungufu wa ufuo, na hata leo anayekitaka anafaa kuuliza ufuo wenyewe ukoje.

#11 Mama wa Wawili

Nimesahihishwa, ahsante. Kugonga kwa nguzo nako kulibuniwa mwaka uleule, bila shaka.

#12 Mwashi wa Kimya

Kazi yangu ni kuchora majengo, na nimewahi kuitwa kurekebisha hoteli ambayo wageni waliilalamikia bila kuweza kueleza tatizo lao. Walisema "haina utulivu". Tulipopima, tukakuta kelele za kiyoyozi na milango myembamba kati ya vyumba viwili vinavyounganika. Mgeni hakumbuki kelele, anakumbuka kwamba hakupumzika.

Fahari iliyo kubwa kuliko zote ndani ya chumba ni giza na kimya. César Ritz alipofungua hoteli yake Paris mwaka 1898 alitafuta mambo ambayo leo tunayaona ya kawaida: bafu ndani ya chumba, taa za umeme, simu kando ya kitanda. Wakati ule hivyo ndivyo vilivyokuwa adimu. Leo kila mahali kuna bafu na taa. Kilicho adimu ni ukuta mzito, pazia lisilopitisha mwanga, na swichi moja kando ya kitanda inayozima taa zote bila mgeni kulazimika kuzunguka chumba usiku akitafuta ile taa ndogo ya bluu inayowaka kwenye televisheni.

Kwa hiyo omba chumba kisichounganika na kingine, kilicho mbali na lifti, kisicho juu ya ukumbi wa harusi wala chini ya bwawa la juu ya paa, na uulize kama kuna ujenzi unaoendelea hotelini au kwenye kiwanja cha jirani. Hili la ujenzi hoteli hazilitaji usipouliza.

Kwa mleta mada na siku zake 7: usizigawe kati ya hoteli mbili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha mwaka 2016 kwamba usiku wa kwanza mahali pageni upande mmoja wa ubongo hulala usingizi mwepesi kuliko mwingine, kana kwamba unalinda zamu. Ukihama katikati ya wiki, unaulipia usiku wa zamu mara mbili.

#13 Mwanafunzi wa Nafsi

Samahani kwa kuchelewa. Ninaona mnajadili vitu vya hoteli, na mleta mada ameuliza kuhusu kukumbuka, na hayo ni mambo mawili.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo washiriki walitia mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine waliutia kwa sekunde 60 hizohizo, kisha wakauacha sekunde 30 zaidi huku maji yakipashwa moto kidogo kufikia nyuzi 15. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu, ingawa lilikuwa na maumivu yote ya lile fupi na nyongeza juu yake. Sababu ni kwamba akili haijumlishi dakika. Inashika kilele na mwisho.

Nikilileta kwenye hoteli, ushauri wangu ni kinyume cha wanavyofanya wengi. Watu hulipia chumba bora usiku wa kwanza, kisha siku ya mwisho wanakurupuka saa 10 alfajiri kuwahi ndege. Ningekuwa mimi, ningelala chumba cha kawaida usiku 5, nikahamia kile bora usiku 2 za mwisho katika hoteli ileile, nikachagua ndege ya mchana. Na ningehakikisha kuna kilele kimoja kilichopangwa, hata kiwe kidogo. Je, ile hoteli ya vyumba 12 mliagana nayo vipi?

#14 Mtazama Machweo

Mwanafunzi wa Nafsi, umenigusa. Asubuhi ya kuondoka yule mzee alitufungia chai kwenye chupa tunywe njiani. Hoteli ya nyota 5, siku ya kuondoka, tulisimama kwenye foleni tukibishania maji ya chupa mawili ambayo hatukuyanywa.

Nahodha, hoteli zote mbili tulikwenda mwezi wa 8, ila moja ilikuwa mjini na nyingine pwani.

#15 Funguo

Ndugu Mwanafunzi, jaribio hilo ninaliheshimu, lakini chupa ya chai haikujifunga yenyewe. Mwisho mzuri unatengenezwa na mtu. Kuna kampuni zimelielewa hili hadi zikaliwekea kanuni: Ritz-Carlton inajulikana kwa kumruhusu kila mfanyakazi atumie hadi dola 2,000 kutatua tatizo la mgeni mmoja bila kumwuliza meneja. Kiasi hicho ni nadra kufikiwa, lakini ruhusa yenyewe hubadilisha uso wa mfanyakazi. Yule wa foleni yako alikuwa anajua kabisa kwamba hamkunywa maji yale, ila hakuwa na mamlaka ya kuyafuta.

#16 Hesabu Safi

Na hapo ndipo ninaporudi na hesabu zangu, maana maji yale mawili ni ndugu wa jambo kubwa zaidi. Hoteli nyingi za mapumziko huongeza ada juu ya bei ya chumba: ada ya huduma za hoteli, ada ya ufuo, usafirishaji wa kutoka uwanjani, kodi ya kila usiku. Marekani ilitoa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 12 Mei 2025 inayowalazimisha wauzaji wa malazi ya muda mfupi kuonyesha jumla yote pamoja na ada za lazima tangu mwanzo. Penye kanuni ya aina hiyo utalindwa; pasipo nayo, omba jumla kwa maandishi, na uulize ni nini ambacho hakimo ndani yake.

Kuhusu malipo ya jumla, yale ya kulipia chumba, chakula na vinywaji kwa mkupuo mmoja, wapo wanaoyadharau kwamba si ya kifahari. Mimi siyadharau. Mke wa mleta mada ametaka "kutoamua kitu", na hakuna kinachokulazimisha kuamua kama karatasi ya bei mbele yako mara 3 kwa siku.

#17 Mwashi wa Kimya

Katika hilo tunatofautiana. Mahali ambapo kila kitu kimeshalipiwa, mwenye hoteli anapata faida zaidi kadiri anavyokupa kidogo, na mwishowe utaliona hilo kwenye sahani.

#18 Hesabu Safi

Na mahali ambapo hakuna kilicholipiwa anapata faida zaidi kadiri anavyokuuzia kingi, na utaliona hilo usoni kwa mhudumu. Chagua unachoweza kukivumilia.

#19 Zumaridi

Kuna jambo moja ambalo naona wengi hatulitazami, nalo ni nani mwenye hoteli. Jina lililo mlangoni mara nyingi si la mwenye jengo. Four Seasons, iliyoanzishwa na Isadore Sharp na kufungua hoteli yake ya kwanza Toronto mwaka 1961, kwa sehemu kubwa inaendesha hoteli zinazomilikiwa na watu wengine. Marriott iliinunua kampuni nyingine ya hoteli, Starwood, mwaka 2016, na sasa ina majina ya hoteli zaidi ya 30 chini yake. Kwa hiyo hoteli mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na wamiliki wawili, mmoja anayebadilisha magodoro kwa wakati na mwingine anayengoja mkataba uishe. Jina linakupa kiwango cha chini ambacho hakitashuka sana. Ukitaka kujua hali ya jengo, tafuta mwaka lilipokarabatiwa mara ya mwisho, na uhakikishe ukarabati huo ulifika vyumbani na haukuishia kwenye ukumbi wa mapokezi.

Kuhusu udogo aliousema Funguo, upo mfano unaokubaliana naye. Adrian Zecha alipofungua Amanpuri huko Phuket mwaka 1988, aliweka nyumba ndogo zipatazo 40 tu mahali ambapo wengine wangejenga mamia ya vyumba, na kutoka hapo likazaliwa kundi zima la hoteli za Aman ambalo wengi wameliiga.

#20 Nahodha Mstaafu

Na Phuket, kama nilivyosema, ina mwezi wake.

#21 Mama wa Wawili

Tulijua utafika, Nahodha.

#22 Mtazama Machweo

Nimerudi baada ya wiki mbili, na ninawashukuru nyote.

Nilifanya jaribio la Funguo kwa hoteli tatu, nikiuliza kuhusu jua la barazani, kelele, na maji kupwa. Ya kwanza ilinijibu kwa maneno ya kunakili ndani ya dakika 5. Ya pili haikujibu. Ya tatu ilikaa siku mbili, kisha mwanamke mmoja wa mapokezi akaniandikia kwamba vyumba vya ghorofa ya juu upande wa kulia hupata jua kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 5, kwamba siku za bamvua asubuhi hakuna maji ya kuogelea, na kwamba yeye mwenyewe asingechukua kile chumba nilichokichagua kwa sababu kiko karibu na ngazi za wafanyakazi.

Lakini kuna jambo lingine lililonichanganya zaidi. Jana nilimpa mke wangu asome uzi huu wote. Alipomaliza aliniambia kwamba yeye anaikumbuka vizuri hoteli ya nyota 5, na ile ya vyumba 12 anaikumbuka kidogo tu. Tulipokwenda ile ya nyota 5 mtoto wetu wa pili alikuwa na miezi 9, tulikuwa tumemwacha kwa bibi yake kwa mara ya kwanza, na mke wangu alilala saa 11 mfululizo kwenye chumba chenye giza. Anasema anakumbuka baridi ya marumaru chini ya nyayo alipoamka, na kwamba aliketi sakafuni bafuni akalia kwa furaha, jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Kwenye ile ya vyumba 12, anasema, mlango wa baraza ulikuwa ukilia usiku kucha.

#23 Mwashi wa Kimya

Mpe mkeo salamu zangu. Giza na kimya.

#24 Mwanafunzi wa Nafsi

Hapana, Mwashi, hicho ni kilele. Chumba hichohicho chenye giza, bila miezi 9 ya kukesha kabla yake, kingesahaulika, kama mumewe alivyokisahau.

#25 Funguo

Mimi nitauliza tu kama kuna aliyemgongea mlango wakati amelala. Kwa saa 11, katika hoteli ya mamia ya vyumba, ni lazima kuna mtu aliyepita na mkokoteni wa mashuka akauona mlango umefungwa, akaamua asibishe. Mtu huyo naye hakumbukwi.

#26 Mtazama Machweo

Nimemwuliza. Hakugongewa.

Tumebaki na hoteli mbili: ile ya tatu niliyoieleza, na nyingine kubwa aliyoichagua yeye, yenye kuta nzito na kila kitu kikiwa kimelipiwa. Hiyo yangu ufuo wake unatazama kusini-mashariki, ya mke wangu kaskazini-magharibi, na zote ziko katika kisiwa kimoja, Mauritius. Harusi yetu ilikuwa mwezi wa 8.

#27 Nahodha Mstaafu

Mwambie mkeo apange mizigo. Au msubiri hadi Novemba, nawe umwandikie tena yule mwanamke wa mapokezi.

#28 Mama wa Wawili

Kusherehekea mwezi wa 11 ndoa iliyofungwa mwezi wa 8? Nahodha, wewe umewahi kuoa kweli?